Huenda Walifika au Wangeweza Kufika? Jinsi ya Kueleza kwa Kiingereza Uwezekano wa Mambo Yaliyopita

Tarehe 8 Juni 1924, Waingereza wawili, George Mallory na Andrew Irvine, waliondoka katika kambi yao ya mwisho upande wa kaskazini wa Mlima Everest wakielekea kileleni. Mwenzao Noel Odell, aliyekuwa akipanda nyuma yao, aliwaona kwa mbali saa saba mchana kasoro dakika kumi, kisha mawingu yakawafunika, na hakuna aliyewaona hai tena. Watu wa kwanza wanaojulikana kwa hakika kufika kileleni na kurudi salama ni Edmund Hillary na Tenzing Norgay, mwaka 1953. Lakini swali la kama wale wawili waliwatangulia kwa miaka 29 halijapata jibu hadi leo. Kwa sababu hiyo, mtu anayeandika habari zao kwa Kiingereza hana haki ya kuandika "They reached the summit", wala hana haki ya kuandika "They did not reach the summit". Analazimika kuandika "They may have reached the summit", na papo hapo anaingia katika sehemu ya sarufi ya Kiingereza inayowasumbua wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki, kuanzia sekondari hadi wanapoandika tasnifu zao chuoni.

Nimelichagua tukio hilo makusudi. Ndani yake kuna mambo tusiyoyajua kabisa, mambo ambayo ushahidi unatulazimisha kuyakubali, mambo yasiyowezekana, na mambo ambayo tunajua fika kuwa hayakutokea ingawa nafasi ilikuwepo. Kiingereza kina namna yake ya kusema kila moja kati ya hayo, na makosa mengi hutokana na kutumia namna moja mahali pa nyingine.

Umbo la sentensi

Umbo lenyewe ni rahisi. Huanza kitenzi kisaidizi, ambacho kwa shughuli hii huwa may, might, could, must au can katika ukanushi, kinafuata have, kisha linakuja umbo la tatu la kitenzi kikuu, lile linalokaririwa shuleni kama go, went, gone. Tunapata "She might have gone", yaani huenda alikwenda. Neno have halibadiliki hata kiima kikiwa he, she au it, kwa kuwa kitenzi kinachofuata kitenzi kisaidizi cha aina hii hubaki katika umbo lake la msingi siku zote. Kwa hiyo "She might has gone" ni kosa, "She might had gone" ni kosa, na "She might have went" pia ni kosa. Jambo likiwa katika kauli ya kutendwa, been huongezwa: "The camera may have been lost", huenda kamera ilipotea. Likiwa lilikuwa likiendelea wakati fulani, been hufuatwa na kitenzi chenye -ing: "They may have been resting when the clouds came", huenda walikuwa wakipumzika mawingu yalipotanda.

Kinachostahili mkazo zaidi ni mahali ulipo wakati uliopita katika umbo hilo. Wengi tulifundishwa kwamba might ni wakati uliopita wa may na kwamba could ni wakati uliopita wa can. Mafundisho hayo yana ukweli wake katika usemi wa taarifa, lakini mwanafunzi akiyachukua kama kanuni ya jumla ataandika "Yesterday he might go to town" akikusudia kusema huenda jana alikwenda mjini. Sentensi hiyo haisomeki hivyo. Might na could zikisimama na umbo la msingi la kitenzi mara nyingi huzungumzia sasa au baadaye: "He might go to town" ni huenda atakwenda mjini. Kinachobeba wakati uliopita ni have pamoja na umbo la tatu, na bila viwili hivyo msomaji Mwingereza hataelewa kuwa unasimulia la jana.

Katika mazungumzo, have hupunguzwa sana, na might have ikasikika kama neno moja lenye mkia mfupi. Ndiyo sababu hata watu waliozaliwa na lugha hiyo hukosea na kuandika "could of" na "might of", kwa kuwa sauti ya of na ya have iliyofupishwa hufanana. Mwanafunzi wetu, ambaye kwa kawaida hujifunza kuandika kabla ya kuzoea kusikia, ana bahati katika hili, na asiipoteze kwa kunakili yanayoandikwa mitandaoni.

Swali la kwanza: je, matokeo yanajulikana?

Kabla ya kuchagua kitenzi kisaidizi, jiulize swali moja: je, najua jambo hili liliishaje? Mzungumzaji wa Kiswahili anazo tayari njia mbili tofauti za kulijibu. Asipojua matokeo, husema huenda walifika, labda walifika, pengine walifika, yawezekana walifika. Akijua kwamba jambo halikutokea, huhamia kwenye -nge- na -ngali-: wangeweza kufika, wangalifika. Hakuna Mswahili anayesema "wangalifika" huku akimaanisha kuwa hajui kama walifika. Kweli, katika usemi wa kila siku wengi wetu hutumia -nge- hata pale ambapo vitabu vya sarufi vinataka -ngali-, lakini mpaka kati ya lisilojulikana na lisilotokea hatuuvuki.

Kiingereza kina neno linalouvuka mpaka huo bila kubisha hodi, nalo ni could have. Linganisha sentensi mbili kutoka katika kisa chetu. Ya kwanza ni "Odell could have seen two rocks". Hapa hatujui alichokiona. Huenda zile nukta mbili nyeusi alizoziona kwa mbali zilikuwa mawe tu, na Odell mwenyewe baadaye aliyumba kuhusu mahali hasa alipowaona wenzake. Ya pili ni "Mallory could have chosen Odell". Hapa tunajua kila kitu: Mallory alimchagua Irvine, kijana wa miaka 22 mwenye ustadi wa mitambo ya oksijeni, akamwacha Odell aliyekuwa na uzoefu mkubwa zaidi wa milima. Sentensi ya kwanza kwa Kiswahili ni huenda Odell aliona mawe mawili; ya pili ni Mallory angeweza kumchagua Odell. Umbo la Kiingereza ni lile lile, na kinachozitenganisha ni ujuzi wa mzungumzaji kuhusu matokeo.

Njia nzuri ya kujipima unapoandika could have ni kuongeza kichwani mkia wa Kiswahili. Ikiwa mkia unaofaa ni "lakini sijui", basi could have yako ni ya lisilojulikana, na unaweza kuibadilisha kuwa may have au might have bila kuharibu maana. Ikiwa mkia unaofaa ni "lakini haikuwa hivyo", basi uko upande wa -ngali-, na may have imekatazwa kwako. Ukiona kwamba msomaji anaweza kuongeza mkia wowote kati ya hiyo miwili, sentensi yako ina utata, na heri utumie may have kwa lisilojulikana ili kumwondolea msomaji kazi ya kubahatisha.

Might have nayo hutumika pande zote mbili, ingawa wanafunzi hawaambiwi hivyo mara nyingi. May have ndiyo inayokaa upande mmoja, na tofauti hiyo inaweza kuwa nzito. Chukua abiria wa bodaboda aliyeanguka akiwa hana kofia ngumu. Ukiandika "He might have been killed", msomaji anaweza kuelewa kwamba yule mtu yu hai na kwamba unastaajabia hatari aliyoiponea: angeweza kuuawa. Ukiandika "He may have been killed", umesema hujui kama yu hai au amekufa, na ndugu zake wakiisoma wataanza kupiga simu hospitalini. Ni kweli kwamba baadhi ya waandishi wa Kiingereza siku hizi hutumia may have hata kwa mambo yanayojulikana kuwa hayakutokea, na utaikuta katika magazeti yao. Sioni faida ya kuwafuata. Mwalimu makini anayesahihisha insha ataihesabu kuwa kosa, na isitoshe, anayeshika tofauti hiyo anamwambia msomaji jambo ambalo asiyeishika anashindwa kulisema.

Upande huu wa lisilotokea una tumizi moja la nyumbani na kazini ambalo halitafsiriki neno kwa neno: lawama. "You could have told me!" ni kile tunachosema "Si ungeniambia!" Mzungumzaji hapimi uwezo wa mwenzake wala hakadirii lolote, analalamika kwamba hakuambiwa. "You might have told me!" hufanya kazi hiyo hiyo kwa ladha ya Kiingereza cha zamani kidogo. May have haiwezi kulaumu. "You may have told me" maana yake ni huenda uliniambia, nami nimesahau, na hiyo inakaribia kuwa kuomba radhi.

Swali la pili: ushahidi una uzito gani?

Ukishajua kwamba unazungumzia jambo lisilojulikana, linafuata swali la kiasi gani unajiamini. Hapa might, may na could ziko karibu sana. Vipo vitabu vya mazoezi vinavyozigawia asilimia, eti hii ni ya hamsini na ile ya thelathini, na kwa maoni yangu majedwali hayo yanadanganya zaidi kuliko yanavyosaidia. Waandishi wengi huzibadilishanabadilishana ili wasirudie neno moja. Kama kuna tofauti, might huonyesha kusitasita kidogo zaidi, na may huonekana zaidi katika maandishi rasmi. Mtu hafeli kwa kuchagua moja badala ya nyingine pale ambapo matokeo hayajulikani.

Mpaka halisi uko kati ya hizo tatu na must have. Must have haimaanishi kwamba jambo limethibitishwa kwa macho. Maana yake ni kwamba dalili zilizopo hazimwachii mzungumzaji maelezo mengine. Kiswahili kina njia nzuri ya kusema hivyo ambayo wengi hawaioni kuwa ndiyo must have, nayo ni "atakuwa ame-". Simu ya ndugu yako haipatikani tangu asubuhi na unajua jana hakukuwa na umeme kwake; unasema "atakuwa ameishiwa chaji". Hujaona simu yake, lakini dalili zinakupeleka huko. Kwa Kiingereza: "His battery must have died." Mkono wa Kiswahili usikusukume kuandika "He will be…" kwa kuwa tu umeona -ta-. Will have ipo na hutumika kukisia, lakini must have ndiyo inayokaa mahali pa "atakuwa ame-" katika sentensi nyingi za aina hii.

Turudi mlimani tuone uzito wa ushahidi ukifanya kazi. Mwaka 1933 Percy Wyn-Harris, afisa wa serikali ya kikoloni nchini Kenya ambaye mwaka 1929 alipanda kilele cha Nelion cha Mlima Kenya pamoja na Eric Shipton, aliokota shoka la barafu chini kidogo ya ukingo wa kaskazini-mashariki wa Everest. Kwa kuwa hapakuwa na wapandaji wengine waliojulikana kupita sehemu ile kabla yake, tunaandika "The axe must have belonged to Mallory or Irvine." Lakini la nani kati yao? Hapo must have inatuponyoka, na aliye mwangalifu ataandika "It may have been Irvine's." Mwaka 1999 mpandaji Conrad Anker aliukuta mwili wa Mallory ukiwa na kamba kiunoni na alama za kuumizwa na kamba hiyo. Kutokana na alama hizo inaandikwa "The two men must have been roped together", yaani watakuwa walikuwa wamefungana kamba. Miwani yake ya theluji ilikuwa mfukoni. Wapo wanaosema kwamba aliivua kwa sababu giza lilikuwa limeingia; wengine hujibu kwamba huenda alibeba miwani ya akiba. Maelezo yakiwa mawili, must have haina haki: "It may have been getting dark when he fell." Ukiandika "It must have been dark", umewanyamazisha wale wengine bila kuwajibu.

Kuna mtego mwingine katika must have, nao unatokana na neno letu lazima. Tunasema "lazima aliondoka mapema" kwa maana ya kukisia, na tunasema "ilikuwa lazima aondoke mapema" kwa maana ya kulazimika. Kiingereza hakitumii must kwa yote mawili katika wakati uliopita. Kukisia ni "She must have left early." Kulazimika ni "She had to leave early." Mwombaji wa kazi anayeandika katika barua yake "I must have left my previous job because of illness" amemwambia mwajiri kwamba anakisia tu kuwa aliacha kazi yake mwenyewe. Alichotaka ni "I had to leave".

Should have na ought to have huingia hapa kwa mlango wa pembeni: "The bus should have arrived by now" husema kwamba kwa hesabu ya kawaida basi limekwisha kufika. Lakini mara nyingi zaidi hubeba lawama au majuto, ilipasa nifanye na sikufanya, na hilo ni somo jingine.

Kukanusha, ambako maana hugeuka

Katika kukanusha, jozi mbili zinazoonekana kufanana hutoa maana zilizo mbali sana. May not have na might not have humaanisha huenda haikuwa hivyo. Mlango wa pili bado uko wazi. Can't have na couldn't have humaanisha haiwezekani kuwa ilikuwa hivyo, mlango umefungwa.

Pwani yetu ina mfano unaofaa. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipata Malindi rubani aliyemwongoza kuvuka bahari hadi India. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, baharia na mwandishi mashuhuri wa Kiarabu. Wanahistoria wengi wa leo wanalitilia shaka jambo hilo. Anayetaka kusema tu kwamba dai la zamani halina uhakika ataandika "The pilot may not have been Ibn Majid": huenda rubani hakuwa Ibn Majid. Anayeamini kwamba ushahidi unalipinga kabisa ataandika "The pilot can't have been Ibn Majid", au kwa maandishi rasmi "cannot have been": haiwezekani rubani kuwa alikuwa Ibn Majid. Mwandishi wa pili amechukua mzigo wa kuthibitisha ambao wa kwanza hakuuchukua, na mwanafunzi wa historia anayeandika cannot have been huku akikusudia may not have been atajikuta akitetea hoja asiyokuwa nayo. Kosa hili ni rahisi kufanywa na Mswahili kwa sababu could have na might have zilikuwa majirani wa karibu katika sentensi za kukubali, naye anadhani ujirani huo unaendelea katika kukanusha. Hauendelei.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba kinyume cha must have katika Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho shule zetu hukifuata kwa kiasi kikubwa, ni can't have na siyo mustn't have. "He must have heard us" hukanushwa kuwa "He can't have heard us." Wamarekani wengi husema "He must not have heard us", na kwao si kosa; utaisikia katika filamu na katika barua pepe za wenzako walioko Marekani. Ukiandika kwa ajili ya mtihani wa hapa nyumbani, can't have ni salama zaidi. La tatu ni kwamba can have haitumiki katika sentensi ya kawaida ya kukubali. "They can have reached the summit" kwa maana ya huenda walifika si Kiingereza, hata kama can't have ni sahihi na hata kama mantiki inakudai ulinganifu.

Couldn't have ina pia upande wake wa -ngali-. "I couldn't have finished without you" ni nisingaliweza kumaliza bila wewe, ilhali kazi ilikwisha na mtu anashukuru. Muktadha ndio unaoamua, kama ilivyokuwa kwa could have.

Kuuliza na kujibu kwa ufupi

Katika kuuliza, could ndiyo ya kawaida: "Could they have reached the top?" Might hukubalika lakini ina urasmi mwingi. May haiulizi jambo lililopita kwa namna hii, "May they have reached the top?" itamfanya msomaji asimame. Can, iliyokataliwa katika kukubali, inarudi hapa, hasa mtu anaposhangaa: "Where can they have gone?" ni wamekwenda wapi jamani!

Jibu fupi hubakiza kitenzi kisaidizi na have. Ukiulizwa "Did they turn back?", jibu ni "They may have." Waingereza huongeza mara nyingine done: "They may have done." Ikiwa swali lilikuwa na kitenzi cha kuwa, been lazima ibaki. Kwa swali "Was it Irvine's axe?" jibu ni "It could have been", na siyo "It could have". Hili hukosewa hata na watu wanaozungumza Kiingereza kwa ufasaha.

Pale ambapo could husimama bila have

Kuna uwezekano wa zamani usiohitaji have. Ukizungumzia jambo lililokuwa likiwezekana kutokea mara kwa mara katika kipindi fulani, bila kulenga siku moja, could hutosha pamoja na umbo la msingi: "In the days of sail, the voyage from Oman to Zanzibar could take several weeks." Safari zile zilifuata kaskazi, nyingine ziliwahi na nyingine zilichelewa, na could inazikumbatia zote. Ukilenga jahazi moja ambalo hujui lilitumia muda gani, have inarudi: "That voyage may have taken several weeks."

Could hii hii huonyesha uwezo wa zamani: "My grandfather could read the stars". Lakini mtu akifanikiwa kufanya jambo mara moja, could haitumiki katika kukubali. Tumia was able to au managed to. Ni "Hillary and Tenzing were able to reach the summit in 1953", na siyo "could reach". Katika kukanusha kizuizi hicho hakipo, na couldn't hutumika bila wasiwasi.

Aya moja ikichambuliwa

Chukua sasa aya kamili, tuone chaguo hizi zikifuatana. Inahusu Rhapta, mji wa biashara wa pwani ya Afrika Mashariki unaotajwa katika kitabu cha Kigiriki cha mabaharia, Periplus, ambacho kwa kawaida huwekwa katika karne ya 1. Mahali ulipokuwa mji huo hapajathibitishwa. Mwanaakiolojia Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ametetea eneo la Rufiji, na wengine wametaja sehemu nyingine za pwani.

"Rhapta exported ivory. It may have stood near the Rufiji delta, but it could also have been farther north. It can't have been far inland, since ships called there. Captains who sailed there from Arabia must have known the monsoon winds. If the author had left us a map, we could have settled the question long ago."

Sentensi ya kwanza haina kitenzi kisaidizi, na haikukosewa. Periplus yenyewe inasema kwamba pembe za ndovu zilitoka huko, kwa hiyo kuandika "may have exported" kungekuwa kutilia shaka kile ambacho chanzo chetu kinakitamka wazi. Ni kosa la waandishi wengi wa kitaaluma kumwaga may have kila mahali kwa kudhani kuwa ni unyenyekevu. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alisimulia kwamba alifika Kilwa, na safari hiyo huwekwa mwaka 1331, hivyo "Ibn Battuta visited Kilwa" inatosha.

Sentensi ya pili ina may have na could have, na zote mbili ni za "lakini sijui". Neno also limewekwa kusaidia, kwa kuwa linaonyesha kwamba could have hii inaongeza uwezekano wa pili na haizungumzii nafasi iliyopotea. Ya tatu inafunga mlango kwa can't have, na mwandishi anatoa sababu papo hapo kwa since; nakushauri ufanye hivyo kila unapotumia can't have au must have, kwa maana msomaji ana haki ya kuuliza umejuaje. Ya nne ni kisio lenye nguvu: hakuna aliyetuachia maneno ya manahodha wale, lakini mtu hakuweza kwenda na kurudi kwa tanga katika bahari hii bila kuzijua kaskazi na kusi.

Katika ya tano, had left baada ya if imekwisha kutangaza kwamba ramani haikuachwa. Could have settled hapo ni tungaliweza kulimaliza swali, na mkia wake ni "lakini haikuwa hivyo". Might have settled ingefaa pia, kwa maana ya huenda tungalilimaliza. May have settled isingefaa, kwa sababu ingeashiria kwamba hatujui kama swali letu wenyewe tumekwisha kulimaliza.